Waya wa mukuba: kutoka tanuru la kichuguu hadi mota ya kinu

Katika komuni (sehemu ya mji) iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, kuna fundi ninayempelekea mota zilizoungua. Kazi yake ni kubobina, yaani kutoa waya zilizoharibika ndani ya mota na kuzungusha mpya. Mara ya mwisho nilimkuta amepakata mota ya kinu cha mahindi. Waya zake zilikuwa nyeusi, zikinuka vanishi iliyoungua. Alizikata upande mmoja kwa patasi, akazivuta upande wa pili kwa koleo, kisha akahesabu mizunguko ya kila koili na kuandika kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha katoni: 62, 62, 62. Zile za zamani hakuzitupa. Alizitia kwenye ndoo.

“Mukuba haifwake, mwalimu,” aliniambia.

Mukuba ndiyo shaba kwa lugha za huku kwetu. Alikuwa akinieleza kwamba haifi: inaungua vanishi yake tu, yenyewe itayeyushwa na kurudi sokoni.

Nilikuwa na mwanafunzi wangu, kijana wa mwaka wa sita anayependa fizikia kuliko chakula. Aliiangalia ile ndoo kwa muda, kisha akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu zamani. “Mwalimu, kila sheria ya umeme ina jina la mtu wa Ulaya. Volta, Ampère, Faraday. Mukuba ni ya kwetu. Sisi tulivumbua nini?”

Sikuwa na jibu fupi la kumpa pale. Swali lake linaumiza kwa sababu limejengwa juu ya picha tuliyomfundisha wenyewe darasani, kwamba mwanasayansi hugundua, mhandisi hutengeneza, halafu sisi wengine tunapokea na kuzoea. Ukiifuata shaba ya eneo letu la Katanga kwa miaka mia saba hivi, picha hiyo inavunjika. Watu hutafuta kile ambacho maisha yao yamewafundisha kukithamini. Wakikipata, kinayageuza maisha yao, na sayansi ya vitabuni mara nyingi hufika baadaye kuuliza kwa nini jambo ambalo fundi analifanya kila siku linawezekana.

Tuanze na jiwe lenyewe. Malakiti ni jiwe la kijani ambalo mtoto yeyote wa Likasi au Kolwezi anaweza kulitambua. Ndani yake shaba imefungwa pamoja na kaboni, oksijeni na maji. Liweke kwenye moto wa kupikia, litageuka jeusi na kubaki hivyo. Maji yametoka, hewa ya kaboni imetoka, lakini oksijeni bado imeishikilia shaba. Ili kuwatenganisha unahitaji makaa, au makala kama tunavyosema hapa, yaungue katika mahali palipobanwa pasipo na hewa ya kutosha. Hapo hutoa monoksidi ya kaboni, hewa yenye njaa ya oksijeni, nayo ndiyo inayoinyang'anya shaba. Tena hiyo ni nusu ya kazi. Ili shaba iwe maji na kukusanyika chini, joto lazima lifike nyuzi 1,085 za Selsiasi. Mbabula (jiko la makaa) ya mama nyumbani haifiki huko hata ukiipepea mpaka mkono ufe ganzi.

Wazee wa Katanga walifika huko kwa udongo wa kichuguu, ambao mchwa wamekwisha kuusaga na kuushikamanisha, na kwa mivukuto ya ngozi iliyopuliza upepo kupitia mirija ya udongo hadi katikati ya makaa. Walifanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, baada ya mtama kuvunwa. Kila mkulima anaelewa kwa nini. Ghala limejaa, mikono ya vijana haina kazi shambani, ardhi imekauka na mashimo hayajai maji. Kalenda ya mtama ndiyo iliyopanga kalenda ya shaba.

Waliojua kuyeyusha walikuwa chama. Uliingia kwa kufundwa, na msimamizi wa tanuru alikuwa fundi na mganga kwa pamoja. Monseigneur Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza Kanisa Katoliki la Katanga, aliwashuhudia wazee wakirudia kazi hiyo katika miaka ya 1920 na kuieleza kwa maandishi. Kwa Kifaransa mafundi hao walikuja kujulikana kama walaji wa shaba.

Nimewahi kusikia watu wenye elimu wakisema kwamba dawa na miiko ya tanuru ilikuwa ushirikina uliobandikwa juu ya ufundi, na kwamba ukiubandua ufundi unabaki safi. Sikubaliani nao. Fikiria kazi yenyewe. Mivukuto inatakiwa kupuliza kwa mwendo uleule, saa baada ya saa, na hakuna saa ukutani. Wimbo ndio saa. Anayevukuta akifuata wimbo hapungui wala hazidi. Utaratibu wenye hatua nyingi, unaofanywa msimu mmoja tu kwa mwaka na watu wasioandika, unahitaji kitu cha kuukumbusha na kitu cha kumwogofya mvivu asiruke hatua. Mwiko ulifanya kazi hiyo. Siwezi kukuambia pale tambiko linapokoma na mbinu inapoanza, na sidhani kama wao waliona mpaka hapo.

Sasa, walipopata shaba waliifanyia nini? Jibu liko makaburini. Katika bonde la Upemba, Sanga kando ya Ziwa Kisale, watafiti walianza kufukua makaburi ya kale mwaka 1957. Kuanzia karne ya 13 hivi, wafu wanaonekana wamezikwa na misalaba ya shaba iliyomiminwa katika kalibu za mchanga. Bonde lile halina shaba. Kila msalaba ulibebwa kutoka kusini, safari ya siku nyingi kwa miguu na mtumbwi. Mwanzoni misalaba ni mikubwa, nayo ni michache, mmoja au miwili imewekwa kifuani. Karne zinavyosonga inakuwa midogo, mingi, inayofanana, nayo imehama kutoka kifuani kwenda karibu na mikono na kiunoni, mahali ambapo mtu hubeba mfuko. Mwanaakiolojia Pierre de Maret aliyasoma mabadiliko hayo kuwa ni safari ya kitu cha heshima kinachogeuka kuwa fedha ya matumizi.

Ningependa yule kijana asimame hapa kidogo. Kuyeyusha shaba kumevumbuliwa sehemu nyingi za dunia. Lakini kukubaliana kwamba kipande cha ukubwa huu, cha umbo hili, kilichomiminwa na mtu nisiyemjua, nitakipokea leo kwa sababu kesho mwingine nisiyemjua atakipokea kwangu, huo ni uvumbuzi mwingine, na ni mgumu kuliko tanuru. Fundi pekee hawezi kuufanya. Unahitaji kabila zima, na makabila jirani, waaminiane kupitia kipande cha shaba. Ndiyo maana alama ile haikufa. Mwaka 1960, Katanga ilipojitangaza kuwa nchi, misalaba mitatu ya shaba ilichorwa kwenye bendera yake.

Karne ya 19 ilileta waya. Wayeke walikuja kutoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, wakifuata njia za biashara, na kiongozi wao M'siri akaweka mji mkuu wake Bunkeya. Mafundi wao walijua kuvuta waya: unapitisha ufito wa shaba kwenye tundu la chuma, kisha kwenye tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi, watu wakivuta kwa nguvu zao zote, mpaka unapata uzi mwembamba. Uzi huo waliuzungusha juu ya kiini cha nyuzi za mmea au nywele, ukawa kikuku. Mizunguko midogo, iliyobanana, isiyopandana. Anayevaa vingi anasikika kabla hajaonekana.

Nilipomtazama fundi wa Kenya akizungusha waya juu ya kalibu yake ya mbao, nilikiona kikuku kile. Ni mkono uleule: kukaza bila kukata, kubananisha bila kupandanisha. Tofauti ni kwamba kikuku kilibeba heshima, koili inabeba umeme.

Na koili ya umeme ilizaliwa wakati huohuo, mbali sana. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, huko Copenhagen, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Mwaka 1831 Michael Faraday, London, alizungusha waya wa shaba kwenye pete ya chuma, sehemu mbili zisizogusana, akaona umeme ukizuka kwa muda mfupi katika sehemu ya pili kila alipowasha au kuzima umeme wa sehemu ya kwanza. Tatizo lake la kwanza lilikuwa dogo na la kifundi: mizunguko ikigusana, umeme unapita njia ya mkato. Vanishi ya waya haikuwapo. Akatumia kamba nyembamba na vipande vya kaliko, kitambaa cha pamba chenye jina lililotokana na mji wa Kalikuti, India. Kwa hiyo ndani ya pete inayohesabiwa kuwa mama wa transfoma zote duniani kuna shaba ya wafua chuma na nguo ya biashara ya Bahari ya Hindi. Faraday mwenyewe alikuwa mtoto wa mhunzi, na ujana wake aliutumia kujalidi vitabu.

Baada ya hapo biashara ndiyo iliyoisukuma sayansi. Makampuni yalitaka kulaza kebo ya telegrafu chini ya Atlantiki. Kebo ya mwaka 1858 ilikufa baada ya majuma machache. Mwaka mmoja kabla yake, mwanafizikia William Thomson wa Glasgow alikuwa amepima shaba iliyokuwa ikiuzwa sokoni na kukuta kwamba baadhi yake inapitisha umeme vibaya mno kuliko nyingine, ingawa kwa macho na kwa nyundo zote ni shaba. Kwa mtengeneza sufuria tofauti hiyo ilikuwa haina maana. Kwa mtu mwenye kebo ya maelfu ya kilomita ilikuwa hasara au faida. Ndipo usafi wa shaba ukawa jambo la kupimwa na kulipiwa, na mwaka 1865 James Elkington akapata hataza (haki ya mvumbuzi) ya kusafisha shaba kwa kutumia umeme. Shaba ilihitajika ili kupitisha umeme, na umeme ukahitajika ili kupata shaba inayofaa. Mwaka uliofuata kebo ya Atlantiki ilidumu. Mwaka 1882 Thomas Edison aliwasha kituo chake cha New York, na kuanzia hapo kila mtaa wa Ulaya na Marekani uliotaka taa ulihitaji shaba kwa tani.

Yaliyofuata huku tunayajua kwa uchungu. Msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ulifika Bunkeya, na tarehe 20 Desemba 1891 M'siri aliuawa. Mwaka 1892 mwanajiolojia Jules Cornet alipita akiyachunguza mawe ya Katanga. Mwaka 1899 George Grey aliongoza watafutaji madini kutoka kusini.

Nataka kusema jambo moja kuhusu watafutaji hao, maana vitabu vya shule hulipita haraka. Walipoandika kwamba wamegundua machimbo, mara nyingi walikuwa wamesimama kando ya mashimo yaliyochimbwa na wenyeji kwa karne nyingi. Mgodi walioubatiza jina la Nyota, karibu kabisa na mji wetu, ulikuwa na jina lake, Kalukuluku. Tena nchi yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa anayejua kusoma. Katikati ya msitu wa miombo unakuta kilima kisicho na miti, kwa sababu sumu ya shaba udongoni inaikataa mizizi. Juu yake huota mimea michache inayovumilia, mmojawapo mmea mdogo wenye maua ya zambarau unaoitwa na wanabotania Haumaniastrum katangense, ambao hupenda hata majivu na mabaki ya matanuru ya kale. Wanaakiolojia wameutumia kupata mahali wazee walipoyeyushia. Elimu ya mimea ya leo, kwa namna hiyo, inasoma nyayo za mafundi waliokufa.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, treni ikafika mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likamimina shaba yake ya kwanza. Mji ulipewa jina Élisabethville, nao ukabaki nalo hadi 1966. Kwenye matanuru ya kichuguu hakuna aliyerudi. Ujuzi wa namna ile haufi kwa kukosa akili. Unakufa pale kijana anapoitwa mgodini wakati wa kiangazi, msimu uleule ambao babu yake angemfunda, na pale msalaba wa shaba unapokataliwa kwa mtoza kodi.

Lakini mji huo wa tanuru ukazaa vyake. Wafanyakazi walikuja kutoka kila upande, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kilichokuwa kimepita na misafara ya wafanyabiashara kikawa lugha ya kazi, kisha ya kambi, kisha ya kubembelezea watoto. Hiki ninachokisema nyumbani, chenye mukuba na mbabula na bukari (ugali) ndani yake, ni zao la mgodi kama vile shaba ilivyo. Hakuna aliyekipanga kiwe hivi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gitaa pia. Jean Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika mji wa M'siri wa wavuta waya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi akipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, sauti mbili au tatu zikienda pamoja kama watu wanaozungumza bila kukatizana. Nyuzi nzito za gitaa lisilo la umeme mara nyingi huzungushiwa waya wa shaba iliyochanganywa na bati au zinki. Gitaa la umeme husikia nyuzi zake kwa sumaku iliyoviringwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Kikuku, koili, gitaa: mkono ule bado unazungusha.

Nimalizie na kilima cheusi. Mgeni akiingia Lubumbashi huonyeshwa bomba refu la moshi na, kando yake, mlima wa mabaki yaliyomwagwa na tanuru kwa miongo mingi. Babu zetu waliuona kuwa takataka za shaba. Ndani yake kuna kobalti.

Jina la madini hayo lina hadithi yake. Wachimba fedha wa Saxony, Ujerumani, walikuwa wakikuta mawe yaliyoonekana kuwa na fedha. Wakiyachoma hawapati kitu isipokuwa moshi wa aseniki uliowaharibu mapafu. Walisema ni pepo wa milimani, Kobold, aliyewachezea. Katika miaka ya 1730 Georg Brandt wa Sweden alionyesha kwamba ndani ya mawe hayo kuna metali mpya, ile inayoipa kioo rangi ya samawati. Nikeli nayo ilipewa jina la pepo aliyedaiwa kuharibu shaba ya wachimbaji. Kwa hiyo yule anayewacheka walaji wa shaba kwa dawa zao ana mapepo mawili kwenye jedwali la elementi lililo ukutani mwa maabara yake.

Kwa muda mrefu kobalti ilikuwa ya rangi na ya kuimarisha chuma. Mwaka 1980 kundi la John Goodenough pale Oxford lilionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kuwa upande mmoja wa betri yenye nguvu. Akira Yoshino wa Japani akaikamilisha kwa njia yake, na mwaka 1991 Sony ikaiuza. Pamoja na Stanley Whittingham, wawili hao walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2019. Ukiuliza nani aliihitaji betri hiyo, jibu halimo katika kemia. Ni watu waliotaka kutembea na kamera yao, muziki wao, na baadaye simu yao. Tamaa hiyo ya barabarani ndiyo iliyofanya kilima cheusi cha Lubumbashi kirudishwe kiwandani tangu mwanzo wa karne hii, na ndiyo inayowashusha vijana wa Kolwezi kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo. Mama anayeuza samaki sokoni Kenya hupokea malipo kwa simu. Fedha yake imelala kiunoni, kwenye mfuko wa kitenge, juu ya betri yenye madini ya ardhi hii. Wafu wa Sanga walizikwa na fedha yao mahali palepale.

Thamani hiyo inaweza kuhama tena. Shinkolobwe, mgodi mwingine wa Katanga, ilichimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu, na urani ikawa mabaki, mpaka vita ilipoigeuza kuwa kitu cha kutisha, ikatumika kutengeneza bomu la Hiroshima. Tayari kuna betri za magari zinazotengenezwa kwa chuma na fosfati bila kobalti hata kidogo. Ndiyo sababu simwambii mwanafunzi wangu ajivunie madini. Udongo hauvumbui kitu. Namwambia ajue historia ya mikono iliyoushika, ajifunze pia sheria ya Faraday, kwa sababu zote mbili zimo ndani ya mota iliyokuwa mapajani mwa fundi.

Siku ile tulikaa mpaka jioni. Mama mwenye kinu alikuwa amekwisha kupita mara mbili kuuliza, maana wateja walikuwa wameacha mabeseni ya mahindi kwenye foleni. Fundi akampa kijana upande mmoja wa kazi: azungushe koili ya mwisho kwenye kalibu. Alianza kuhesabu kwa sauti. Alipofika 40 hivi mtu akatusalimu mlangoni, akaitikia, akapoteza hesabu. Fundi akaufungua waya wote bila kusema neno, akamrudishia. Kisha akaanza kuimba taratibu, wimbo wa zamani ninaoujua nusu, akigonga mguu chini kila mzunguko wa kumi. Kijana alisikiliza kidogo. Halafu mguu wake nao ukaanza kugonga.